Papa, Balikuibia Filtre

Nilitaka vipande viwili vya karatasi. Karatasi tu, jamani, za duara, pana kama mdomo wa kikombe kikubwa, zenye matundu sita pembeni. Pamoja nazo rondela (washa) saba za shaba. Mzigo wote unaingia kwenye mfuko wa shati na kalamu inabaki na nafasi yake. Nilitoka saa tatu asubuhi. Sasa ni saa nane, nina karatasi moja, rondela nne, na watu wasiopungua kumi na wawili wa Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, siyo ile ya Nairobi) wananipa pole kama mfiwa.

Pole zenyewe sizitaki. Nisikilizeni tu.

Coccinelle, yaani Volkswagen Beetle, ya 1968 haina filtre ya mafuta, ile ya kubadilisha. Haina. Ina chujio la waya, ndugu yake na la chai, limelala chini ya tumbo la injini, limefunikwa na bamba la duara lenye nati sita. Kila kilomita 5,000 unamwaga mafuta yakiwa bado ya moto, unafungua bamba, unatoa chujio, unaliosha kwa esansi (petroli), unalirudisha. Karatasi moja juu ya ukingo wa chujio, nyingine chini yake, kisha bamba, kisha nati na rondela mpya sita, na ya saba kwenye skrubu ya kumwagia. Halafu lita 2.5 za mafuta. Siyo tatu. Siyo "weka mpaka ionekane". Na kwa vumbi hili letu jekundu la Agosti usingoje kilomita 5,000, fanya nusu yake, maana chujio la chai linazuia majani, rangi inapita. Vumbi laini linazunguka na mafuta likisaga beringi kimya kimya.

Sasa mafundi wetu. Hawana karatasi mpya, basi wanapaka silikoni. Inabana vizuri, nakubali. Ila ile inayofinywa kuelekea ndani inabanduka, na inapobanduka inaenda wapi? Inaenda kuziba chujio lile lile uliloliosha. Au wanarudisha karatasi kuukuu, mafuta yanavuja, wanakaza nati. Yanavuja zaidi, wanakaza zaidi. Bamba ni jembamba, linapinda kati ya nati na nati, ndiyo maana linavuja. Na mwili wa injini ni aloi ya magnesi, laini. Skrubu zake ni za milimita 6, zinataka nyutoni-mita 7 tu, nguvu ya mtu anayefunga chupa ya asali. Fundi wa malori anaweka mguu ukutani. Skrubu inatoka na meno yake yote, na kuanzia hapo una kazi nyingine, kubwa, ya bei nyingine.

Kwa hiyo karatasi mbili. Nikaingia dukani kama mtu mzima anayejua anachotaka.

Duka silitaji. Ni mojawapo ya yale ambayo ukuta mzima ni filtre, toka sakafuni hadi darini, za Corolla, za Noah, za Fuso, na kijana ameketi katikati kama kasisi.

"Jambo, mwana. Natafuta karatasi za chujio la mafuta, za Coccinelle, na rondela zake."

"Karasi iko, papa. Na filtre?"

"Filtre sihitaji."

"Unabadirisha mafuta bila filtre?"

"Haina filtre."

"Kila motokari iko na filtre, papa. Hata jenereta iko nayo."

Kuhusu jenereta sikuwa na jibu, sote tunaishi nazo. Nikampeleka nje akaone mwenyewe. Nikafungua mlango wa injini. Akachungulia kushoto. Akachungulia kulia. Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya bampa, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alijipangusa mikono polepole, kama daktari aliyeshika karatasi ya vipimo, akaniwekea mkono begani.

"Papa. Balikuibia."

Nikamwambia hakuna aliyeiba, imezaliwa hivyo. Nikamwambia kwa upole kwamba Februari 1972 gari hili liliipita Ford T kwa wingi, zaidi ya milioni 15 zimeshatengenezwa, na hakuna aliyerudi kiwandani kudai filtre.

"Unaona sasa," akasema. "Wezi balianza zamani."

Hapo mama wa bitumbula alikuwa ameshaacha kikaango chake. Akasema pole baba, hata shemeji yake walimwibia betri mbele ya kanisa, ibada ikiendelea. Wakaja wawili wa kubadilisha pesa. Akaja mzee mmoja, fimbo mkononi, aliyefanya Gécamines, kampuni ya migodi, miaka mingi, akauliza kumekuwa nini. Akaelezwa. Akainama, akatazama, akatikisa kichwa.

"Na radiateri yako iko wapi?"

Kosa langu ni hili: nilijibu ukweli. "Haina radiateri, mzee. Inapozwa na hewa."

Kimya. Mama wa bitumbula akashika mdomo. "Na radiateri balibeba!"

Jaribuni nyinyi kueleza. Nilieleza feni. Nilieleza mkanda unaozungusha dinamo, na dinamo inayozungusha feni. Nilieleza kwamba mkanda ukikatika taa nyekundu ya dinamo inawaka, na ikiwaka unasimama pale pale, hufiki hata kona, kwa kuwa bila feni silinda zinajipika. Nilionyesha jinsi ya kuukaza: puli ya dinamo ni nusu mbili, katikati kuna vipete vyembamba; ukitaka mkanda ukaze unatoa kipete kimoja katikati na kukiweka nje, chini ya nati, usije ukakipoteza. Ukisukuma mkanda kwa kidole gumba uingie ndani milimita 15 hivi. Ukikaza kupita hapo unaua beringi za dinamo. Wakasikiliza kwa adabu yote, kama watu wanavyomsikiliza mgonjwa.

"Mimi nimefanya Gécamines," akasema mzee alipoona nimemaliza. "Mzungu hauzishi motokari bila radiateri."

Ndipo kijana mwembamba mwenye kofia, ambaye hakuwa amesema neno, akanivuta pembeni.

"Papa, mi najua kwenye iko."

"Nini?"

"Filtre yako. Ile ile. Iko na mtu moya kule Katuba. Dola kumi na tano."

Mtu mwenye akili zake angecheka, afunge mlango wa injini, aende zake. Hadi sasa sielewi kwa nini nilijibu: "Nane."

Tukakubaliana kumi. Nikatoa tatu za kuanzia. Akauliza ilikuwa rangi gani, asije akaleta ya mtu mwingine, na mimi nikasema nyekundu. Nyekundu! Imetoka wapi nyekundu? Kitu ambacho hakipo nimekipa na rangi.

Nikarudi dukani. Karatasi iko moja, ya pili aliiuza peke yake mwezi uliopita kwa mtu wa pikipiki. Rondela nne. Hizo nyingine, akasema, tumia za zamani. Na hapo, nasema kwa uchungu, alikuwa sahihi: rondela kuukuu ya shaba inafufuka. Iweke juu ya makala hadi iwe nyekundu (nyekundu hii ipo kweli), itumbukize kwenye maji, inarudi laini kama mpya. Na karatasi unaweza kuikata mwenyewe: chukua karatasi ya mafundi isiyozidi nusu milimita, ilaze juu ya bamba, gonga taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo kufuata ukingo na matundu, inajikata. Kumbe safari nzima haikuwa na haja. Hilo nalo lingekuwa kwenye kitabu, ungesema.

Kitabu! Hapa mjini kila mtu ana kitabu cha Coccinelle na hakuna mwenye kitabu cha Coccinelle. Revue Technique Automobile, jarida la mafundi wa magari, lilianza kutoka Ufaransa mwaka 1946. Tunachopata sisi ni fotokopi ya fotokopi, iliyotolewa siku umeme ulipokatika katikati ya ukurasa wa injini. Picha zimekuwa weusi mtupu. Kabureta inafanana na picha ya ukoo usiku. Halafu doa la mafuta. Ukurasa una nafasi ya watu kuweka vidole popote, lakini doa limekaa juu ya tarakimu moja tu: nafasi ya valvu, milimita 0.1 na doa. Ni 0.10 au 0.15? Na siyo swali la kipuuzi, kwa sababu vitabu vya mwanzo vinaandika 0.10 na vya baadaye 0.15 kwa injini zile zile. Weka 0.15. Valvu iliyolegea inakupigia kelele, na kelele unaisikia. Iliyobanwa haifungi sawasawa, haipati pa kutolea joto, inaungua bila kukuarifu.

Na upime injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku mzima, siyo "imepoapoa". Anza silinda ya 1, ya mbele kulia. Kisha zungusha puli ya chini nusu mzunguko kinyume cha saa, uko kwenye 2, tena nusu, 3, tena nusu, 4. Mpangilio wa moto ni 1-4-3-2, ndiyo maana ukirudi nyuma unahesabu kama mtoto wa shule. Ya 3 iangalie mara mbili. Kipoza mafuta kimesimama ndani ya njia yake ya hewa, inakula joto kuliko wenzake, na valvu yake ya moshi ndiyo huvunjika kwanza. Volkswagen wenyewe waliliona, wakakihamisha kipoza kwenye magari ya 1971. Ya kwetu ni ya 1968. Tumechelewa kwa upande wa kuwahi.

Tena hiyo 1968 ni Agosti 1967 kwenda mbele, maana mwaka wao ulianza Agosti, na hili muuzaji wa vipuri ukimwambia anakuona umelewa munkoyo uliochacha. Ndiyo maana usitaje mwaka. Inua kiti cha nyuma, soma namba ya chasisi juu ya handaki la katikati: 11 ni aina ya gari, tarakimu ya tatu ni mwaka, 8 ni 1968. Namba ya injini imegongwa chini ya kiti cha dinamo, na herufi yake, F, H au nyingine, ndiyo inayokuambia ununue silinda za kipimo gani. Namba za vipuri nazo zina akili: baada ya tarakimu tatu za kwanza, inayofuata ni kundi, 1 injini, 3 gia, 6 breki, 9 umeme. Nenda na namba imeandikwa kwenye karatasi. Hatasoma, lakini angalau wewe utakuwa umesoma.

Na vipuri vya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, je? Injini kutoka Afrika Kusini ni ile ile, karibu. Taa kubwa usichukue. Kule wanapita kushoto, kioo cha taa kinarusha mwanga juu upande wa kushoto, na sisi kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Usiku unampofusha, anakutukana hadi bibi, na ana haki.

Buji (plagi) nyeusi: tuko juu ya mita 1,200, hewa nyepesi, kabureta inatoa esansi nyingi kuliko hewa. Jikleri, kile kitundu cha kupimia esansi ndani ya kabureta, iwe ndogo kwa namba moja au mbili, basi. Esansi ya makadafi, wale wauzaji wa barabarani, siizungumzii, nina presha.

Mpira wa esansi nauzungumzia. Milimita 5 ndani, nguo nje. Wakikupa wa 6 na waya wa kufungia, kataa, hata kama ni mtoto wa dada yako. Unachomoka juu ya injini ya moto, na ile magnesi ikishaanza kuwaka, maji hayaizimi, yanaichochea.

Na betri! Betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Springi za kiti ziko juu yake. Mtu mwepesi akikaa, hakuna tatizo. Mtu wa kilo zake akikaa, springi inashuka, inagusa vichwa vya betri, kiti kinaanza kutoa moshi na yeye anadhani ni wewe unavuta sigara. Kulikuwa na kifuniko, kila gari lilikuja nacho. Hicho ndicho kilichoibwa kweli, na hakuna hata mmoja pale Kenya aliyeniuliza habari zake.

Leo namchukua shangazi kituoni. Shangazi hakai kushoto, anasema jua la jioni linampiga. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya lori kinatosha, kikatwe sentimita 20 kwa 30, kilazwe juu ya betri, kisifunike matundu ya kupumulia. Mpira upo. Kisu alikichukua yule kijana wa kofia. Na shangazi anafika saa kumi.