Gurnah wa nyumba na deni

Ukiwauliza wasomaji wa Abdulrazak Gurnah, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Zanzibar, ni kitabu chake kipi kinachoongoza, wengi watakujibu Paradise kabla hujamaliza swali. Wana hoja. Riwaya hiyo ya 1994 ndiyo iliyofika orodha fupi ya tuzo ya Booker, na tangu 2022 tunaweza kuisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja tu baada ya mwandishi kutunukiwa Nobel ya fasihi. Mimi naiweka ya pili. Ya kwanza kwangu ni By the Sea ya 2001, na naona hata wanaoisifu hawajaitendea haki.

Uzuri wa Paradise si mdogo. Yusuf ana miaka 12 anapopandishwa treni na tajiri Aziz, ambaye yeye anamjua kama ami yake. Ni Khalil, kijana wa dukani, anayemfungua macho: baba yako anadaiwa, wewe ndiye rehani, na huyu si ami yako, muite Seyyid. Kutoka hapo tunaingia bara na msafara, chini ya mnyapara Mohammed Abdalla, tukilipa hongo kila penye mtawala na kuzika watu njiani, mpaka kwa mtawala aitwaye Chatu anayewanyang'anya mali yote. Gurnah hakumfanya mfanyabiashara wa pwani kuwa malaika wala shetani, na hilo peke yake lingetosha kukiweka kitabu juu. Mwisho wake, Yusuf akiwakimbilia askari wa Kijerumani, unauma kila unapousoma. Anayeniambia hakuna kurasa za Gurnah zenye nguvu kuliko hizo, sibishani naye sana.

Ninapobishana ni pale By the Sea inapofungiwa kwenye sanduku la "riwaya ya wakimbizi". Kamati ya Nobel ilimsifu Gurnah kwa mambo mawili, athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi, na tangu hapo vitabu vyake vinagawanywa vivyo hivyo: Paradise na Afterlives, riwaya yake ya 2020 ya zama za Wajerumani, huku, By the Sea kule. Ni kweli kinaanzia uwanja wa ndege wa Gatwick. Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anatua na pasi yenye jina la mtu mwingine, anajifanya hajui Kiingereza, na ofisa wa uhamiaji anamchukulia kijikasha chake cha udi. Kurasa hizo ndizo zinazosomwa vyuoni na kunukuliwa. Lakini endelea kusoma, utakuta Uingereza ni baraza tu la kukalia. Kinachozungumzwa barazani ni nyumba moja ya Unguja.

Hussein, mfanyabiashara anayekuja na pepo za msimu, anamkopa Saleh fedha, na dhamana anayoweka ni karatasi ya deni analomdai mtu mwingine, Rajab Shaaban. Deni hilo nalo limewekewa nyumba. Hussein anaondoka, harudi. Saleh, muuza samani asiyependa kupoteza chake, anaidai nyumba kisheria na kuipata, pamoja na vyombo vilivyomo. Miongoni mwa vyombo hivyo kuna kijimeza cha mpingo, ambacho Saleh mwenyewe aliwahi kumuuzia Hussein, na Hussein akakitoa zawadi kwa Hassan, mtoto mkubwa wa Rajab. Mdogo wake, Latif, anatumwa akiwa mtoto kwenda kukiomba. Anaondoka mikono mitupu. Miaka mingi baadaye, akiwa mhadhiri London, anaitwa kumtafsiria mzee mgeni asiyejua lugha, na jina analotajiwa ni la baba yake.

Kijimeza hicho ndicho kinachonifanya nikiweke kitabu hiki juu. Kisheria Saleh hana kosa. Karatasi iko sawa, saini ipo. Gurnah anampa nafasi ya kujieleza mwanzo hadi mwisho, na ukimsikiliza unamwelewa, hata unampenda. Kisha unamsikiliza Latif, na unamwona mtoto amesimama mbele ya mtu mzima aliyeshiba, anaomba kitu kidogo, ananyimwa. Maelezo yote mawili ni ya kweli. Mwandishi hatuondolei uzito huo.

Linalonisumbua zaidi ni hili. Msomaji wa kwetu akianza na Paradise, akaingia Afterlives, akaishia hapo, anabaki na Gurnah wa zama za Wajerumani. Wahusika wa zama hizo wamekufa wote, na mkosaji mkubwa alikuja na meli. Najua nitajibiwa kwamba Aziz naye ni wetu, na aliyemfanya Yusuf rehani si Mjerumani. Ni kweli, ila umbali wa miaka unatupoza. By the Sea haitupi umbali huo. Uhuru unapokuja, ukoo ulionyang'anywa unapata mtu wa kuusemea serikalini, na Saleh anapoteza nyumba, kisha anakaa kizuizini miaka mingi. Anaporudi anaambiwa mkewe na binti yake mdogo walishafariki zamani. Anayemsukuma mwishowe akimbie na jina la marehemu hasimu wake ni Hassan, aliyerudi na madai mapya juu ya deni lile lile. Majirani wanaangamizana kwa hati, kwa mihuri, halafu kwa madaraka, na nyumba za namna hiyo bado zina watu ndani na wengine nje wanaokumbuka. Ukikiita kitabu hiki cha wakimbizi, umeyahamisha mambo hayo yote yakawe shida ya Gatwick. Gurnah mwenyewe hajaliacha eneo hilo. Riwaya zake Admiring Silence na Gravel Heart zinapita humo humo, na Theft ya 2025 inamweka Badar, kijana mtumishi, katika nyumba ambamo anasingiziwa wizi.

Kitabu kina kasoro. Wahusika hao wawili kukutana tena katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza ni sadfa inayomtaka msomaji avumilie, na mazungumzo yao marefu yatamchosha anayependa mwendo. Kasoro kubwa zaidi ni wanawake. Salha, mke wa Saleh, tunamjua kwa masikitiko ya mumewe tu, na Asha, mama yake Latif, kwa ndimi za wanaume wawili ambao hakuna hata mmoja anayemtendea haki. Hapo Afterlives inaipita kabisa, maana Afiya, aliyevunjwa mkono kwa kosa la kujua kuandika, ana maisha yake mwenyewe ndani ya kitabu.