Milioni Nne Zilizoibwa Kabla Hazijafika

Nina biashara ndogo ya kusambaza maji ya kunywa majumbani, Tabata, Dar es Salaam. Mteja hulipa shilingi 30,000 kwa mwezi, nasi humpelekea chupa mbili za lita 20 kila wiki. Anapojiunga huweka amana ya shilingi 50,000 kwa ajili ya chupa hizo, ambayo hurudishiwa siku atakapozirejesha. Desemba ya mwaka ninaousimulia tulikuwa na wateja 45, wote wa kulipa mwezi kwa mwezi, na sikuwa na ugomvi na mtu.

Mwezi huohuo nilialikwa kwenye semina ya wajasiriamali. Kwa sababu ya foleni ya Barabara ya Mandela nilichelewa, nikakuta maana ya mapato ya kila mwezi yanayojirudia imekwisha kuelezwa, nikawahi mambo mawili tu: mkufunzi akisema kwamba ukitaka kujua ya mwaka unazidisha mara 12, na chai. Yote mawili niliyapokea kwa moyo mkunjufu.

Januari nikatangaza ofa: lipa miezi 10, unywe maji miezi 12. Wateja wangu 12 wa siku nyingi waliichangamkia, kila mmoja akalipa shilingi 300,000 kwa mkupuo, na wageni 14 wakajiunga kwa malipo ya mwezi. Jioni ya tarehe 31 nilijumlisha kila shilingi iliyoingia: 1,260,000 za wateja wa mwezi, 3,600,000 za wateja wa mwaka na 700,000 za amana. Jumla ikawa 5,560,000. Nikaandika juu ya ukurasa, kwa wino mwekundu, "Mapato Yanayojirudia", nikazidisha mara 12, nikapata 66,720,000, na usiku ule sikupata usingizi kwa kufikiria rangi ya gari.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na kikao cha harusi ya binamu yangu. Watu walikuwa wakiahidi 50,000, wengine 100,000, mmoja akaahidi mbuzi. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikaahidi milioni moja. Vigelegele vilipotulia nilikuwa nimeshateuliwa makamu mwenyekiti, na nikahamishwa kutoka kiti cha plastiki hadi kwenye kochi.

Februari ikafika mwisho. Nikajumlisha tena: 1,260,000. Nikarudia kwa kikokotoo, kisha kwa kalamu, kisha kwa kikokotoo cha jirani, na mara zote tatu shilingi 4,300,000 hazikuonekana. Mtu pekee mwingine aliyeshika fedha zangu alikuwa kijana anayeendesha guta la maji. Nilimhoji kwa sauti ambayo sijivunii nayo, nikapekua hadi chini ya kiti cha guta, nikapata kitana na nusu chapati. Yeye alisema tu, "Bosi, angalia daftari," lakini mimi nilikuwa nimeshavaa viatu vya kwenda ofisi ya serikali ya mtaa.

Mtendaji alinisikiliza kwa upole, kalamu mkononi.

"Hizo milioni nne ulikuwa umeziweka wapi?"

"Zilikuwa hazijafika, mheshimiwa. Zilitakiwa kuingia mwezi huu."

Kalamu ikasimama. "Kwa hiyo umeibiwa fedha ambazo hazijafika?"

Niliomba ruhusa niende kutafuta vielelezo.

Nyumbani nilikuta foleni mlangoni. Mbele alikuwapo mama mmoja wa makamo, ambaye, kama wateja wengine wote, alikuwa amepata ujumbe wangu wa kumkumbusha kulipa ya Machi. Nikamwamkia. Aliitikia "Marahaba" kavu, akafungua fundo la pembe ya khanga taratibu, akatoa risiti iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya goti. "Mwanangu, mimi nimelipa hadi Desemba. Unanidai maji gani, ya mvua?" Nyuma yake walisimama watu watano wenye chupa tupu: hao walikuwa wamejitoa tangu Januari bila mimi kugundua, kwa kuwa wageni 14 waliniziba macho, na sasa walitaka amana zao, jumla shilingi 250,000. Fedha nilizoziita mapato zilikuwa deni lililokuwa likisubiri chupa.

Jioni yule kijana alifungua daftari lake, si langu. Alikuwa na safu za aliyeingia, aliyetoka na aliyehamia malipo ya mwaka. Mapato yanayojirudia ni ada za wateja waliopo zikihesabiwa kwa mwezi, si kila shilingi iliyoingia. Wateja 42 wa mwezi ni 1,260,000. Wateja 12 wa mwaka, 300,000 ukigawa kwa miezi 12, ni 25,000 kila mmoja, yaani 300,000 kwa wote. Amana haihesabiki hata senti. Mapato yanayojirudia ya Januari yalikuwa 1,560,000. Desemba yalikuwa 1,350,000. Wageni waliongeza 420,000, waliojitoa wakapunguza 150,000, na ofa yangu tukufu ikapunguza 60,000. Tulikua kwa 210,000, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa la kufurahisha kama nisingekuwa nimeshaahidi milioni. Na maji ya wale 12 nilipaswa kuyapeleka kila wiki hadi Desemba, kwa fedha ambayo nusu yake nilikuwa nimeshalipia malipo ya awali ya guta la pili.

Nilimwomba radhi kijana, nikamwongezea mshahara, kwa kiasi kinachojirudia.

Ikabaki harusi. Nilimpigia mwenyekiti wa kamati, nikamweleza kwa lugha ya semina kwamba ahadi ya milioni moja inasomeka vizuri zaidi kama shilingi 83,333 kila mwezi kwa miezi 12. Alikaa kimya kwa muda, nikasikia akivuta pumzi.

"Makamu," akasema, "harusi ni Jumamosi ijayo, na kwa uwezo wa Mungu, hii haijirudii."