Kabla ya kulaumu rangi, fungueni koki ya tangi

Boneti limepuliziwa asubuhi, jioni limejaa malengelenge. Fundi analaumu rangi, muuzaji analaumu thina. Kwenye gereji nyingi za Kampala, Ndeeba hadi Katwe, mimi ningeanza na kompresa, mashine inayoshindilia hewa ya kupulizia rangi: maji yaliyomo kwenye hewa hiyo ndiyo ninayoyashuku.

Hesabu yenyewe ni hii. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80, jambo la kawaida kwetu msimu wa mvua, hubeba gramu 18 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikishindiliwa hadi presha ya bar 7 kisha ikapoa, haiwezi kushika hata gramu 3. Zinazobaki zinageuka maji. Kompresa inayovuta lita 300 kwa dakika, ikifanya kazi saa nzima, inakuachia zaidi ya robo lita.

Sasa watu wananunua kichujio cha bei na kukifunga mdomoni mwa tangi. Pesa imepotea! Hapo hewa bado ina moto, maji bado ni mvuke, na kichujio cha kawaida hakinasi mvuke. Unapita salama, unapoa ndani ya mpira wa hewa, unatokea kwenye bunduki ya rangi ukiwa matone.

Kwa maoni yangu pesa ya kwanza iende kwenye bomba. Chukua la chuma, robo tatu inchi, mita 8 hadi 10, litambae ukutani mbali na jua likiinama sentimita 1 kwa kila mita. Mwisho wake lishuke wima, na chini kabisa uweke koki ya kumwagia maji. Tawi la kwenda kwenye bunduki litokee mgongoni mwa bomba, si tumboni, maana maji hutiririka chini. Bomba la plastiki la maji usiliguse: likipasuka kwa presha linarusha vipande vikali.

Kichujio cha maikroni 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kikae mwisho wa bomba hilo, kikifuatwa na cha mafuta cha maikroni 0.01. Chembe za silika, zinazonyonya unyevu, ziwe za mwisho kabisa. Za rangi ya chungwa zikigeuka kijani zimeshiba; zikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili tatu. Zikilowa maji yenyewe hupasuka na kumwaga vumbi kwenye rangi.

Vishimo vya duara kwenye rangi ni habari nyingine: hayo ni mafuta. Puliza hewa kwenye karatasi nyeupe kwa dakika moja. Ikipata madoa, kagua ringi za pistoni na kiwango cha oili. (Na anayeng'arisha matairi kwa silikoni afanyie kazi hiyo mbali.)

Kila jioni punguza presha hadi bar 1 au 2, fungua koki iliyo chini ya tangi polepole. Maji meupe kama maziwa yana oili. Ya kahawia ni kutu, na yakiendelea hivyo wiki baada ya wiki tangi linaliwa kwa ndani. Hapo usikubali kiraka cha kuchomelea. Lipimwe kwa presha ya maji, likishindwa liuzwe chuma chakavu.