Milima ya Kalehe: lawama zisiishie kwenye jembe

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko pale Nyamukubi, mito ya Kalehe, katika mkoa wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, ilifurika ikashuka na mawe, matope na nyumba. Nyamukubi na jirani yake Bushushu, kando ya Ziwa Kivu, walikufa watu zaidi ya 400. Tangu hapo, hapa Bukavu wengi wanasema wakulima wamejitakia: wamemaliza msitu.

Kuna ukweli ndani yake. Mizizi hushika udongo, na majani yaliyooza chini ya miti hunywa maji kabla hayajateremka. Ukifyeka mteremko mkali, ukachoma, ukapanda muhogo, misimu ya kwanza unavuna vizuri kwa majivu na mboji ya msitu. Kisha udongo mweusi unakwenda na mvua, mawe yanatokeza, na mkulima anapanda juu zaidi kufyeka tena. Wanaokaa bondeni ndio wanaoletewa maji yote hayo.

Lakini mama anayelima mahali pa kuteleza hakupachagua. Sehemu kubwa ya ardhi nzuri imeshikwa na mashamba ya kwinini, chai na ng'ombe, na wenye mashamba wengi wanaishi mjini. Sheria ya 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, hivyo mwenye hati humshinda aliyepewa shamba na mwami, yaani chifu wa jadi, kwa desturi. Anayekodi kwa msimu akipanda mti, mwenye shamba anaona anataka kujimilikisha, kesho anafukuzwa. Basi anapanda maharagwe tu. Na makala, yaani mkaa, tunayopikia sisi watu wa Bukavu, yanatoka milima gani?

Kufukuza watu peke yake tumekwishakuona. Batwa, wenyeji wa asili wa msitu wa Kahuzi-Biega, waliondolewa humo miaka ya 1970 ulipofanywa hifadhi ya taifa, bila kupewa ardhi. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi, na miti mingi ikakatwa kwa makala na mashamba. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba haki zao zilivunjwa.

Mimi nakubali kabisa kwamba miteremko iliyo juu ya vijiji iachwe ioteshe miti. Ila amri hiyo isitangulie kuwapa wakulima ardhi nyingine. Serikali ya mkoa ianze na mashamba makubwa yaliyolala bila kulimwa, iwakodishie wakulima kwa miaka mingi na kwa maandishi, ndipo iwaambie washuke mlimani.