Ziara ya kukuza wanagofu: pointi zipo, nauli je?

Tangu Sunshine Tour, ligi ya gofu ya kulipwa ya Afrika Kusini, ilete ziara yake ya kukuza vipaji, yaani msururu wa mashindano, Afrika Mashariki mwaka wa 2024, wanagofu wa kulipwa wa Nairobi wamepata walichokililia kwa muda mrefu: ratiba ya kueleweka na pointi za viwango vya dunia. Lakini ukiwasikiliza wachezaji wakihesabu matumizi yao, utajiuliza anayefaidi ni nani hasa.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Kenya Open, shindano letu kubwa la gofu, ilianza mwaka wa 1967 na hadi leo hakuna Mkenya aliyewahi kuitwaa. Jacob Okello alikaribia sana mwaka wa 1998, akamaliza wa pili. Enzi hizo shindano hilo lilikuwa la Challenge Tour, ngazi ya pili ya Ulaya. Trevor Immelman alishinda hapa mwaka wa 2000, na miaka minane baadaye akatwaa Masters, moja ya mashindano makuu ya gofu duniani, kule Augusta, Marekani. Mwaka wa 2019 likapandishwa hadi ngazi ya juu. Zawadi zikanona, nasi tukaachwa mbali. Wenyeji wengi hufungasha virago Ijumaa jioni, baada ya mchujo wa raundi mbili za kwanza. Mtu anayekutana na ushindani wa kweli wiki moja tu kwa mwaka utamlaumu vipi?

Sasa tupige hesabu. Chukua shindano lenye zawadi za jumla ya shilingi milioni 2. Mshindi kwa kawaida huondoka na takriban asilimia 16, yaani kama 320,000. Wa kumi na tano hupata kiasi cha 40,000, na humo atoe pesa za kedi (anayembebea fimbo), chumba, chakula na nauli. Aliyetolewa kwenye mchujo halambi chochote, lakini kedi wake lazima alipwe. Wengi wa wachezaji hawa walianza wao wenyewe kama makedi. Hawana mjomba wa kuwafadhili.

Hata pointi si nyingi kama jina linavyovuma. Tangu 2022 hutolewa kulingana na ubora wa wachezaji walioingia shindanoni. Sura zikiwa zilezile kila juma, ushindi unakusogeza kidogo tu. Wenye shaka hapa wana haki: tunaweza kuzunguka Nairobi mwaka mzima tukipokezana vikombe.

Pia mpira hupaa mbali zaidi katika mwinuko wa Nairobi, zaidi ya mita 1,600. Mchezaji aliyezoea uwanja wa Muthaiga, Nairobi, akishuka Vipingo kule pwani hukuta mpira unatua kabla ya grini, sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, hivyo abadilishe fimbo na kujipima upya. Ratiba inayotembea hadi pwani inamfunza hilo kabla hajakutana nalo ugenini. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko zawadi.

Kwa hiyo ziara ibaki, ila ipimwe kwa wanaodumu ngazi ya juu, si kwa idadi ya mashindano. Tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Mlango huo uko wazi. Kinachokosekana ni nauli, malazi na ada za miezi ya kwanza kule, kipindi ambacho mgeni hukosa mchujo mara kwa mara. Wadhamini wapunguze kidogo zawadi ya mshindi na karamu ya Jumapili, wakamlipie aliyefuzu kucheza Sunshine Tour yenyewe gharama hizo.