Mbuna wa Nyasa au gapi wa dukani? Hesabu za tenki la lita 54 hapa Mbeya

Shemeji yangu wa Kyela alivyoona nimeweka gapi kwenye tenki la kioo sebuleni alicheka mpaka akakaa chini. "We shemeji, yaani unatoa hela kununua visamaki vya Amerika Kusini wakati sisi Matema tuna mbuna wamejaa kwenye mawe, wazungu wanawalilia?" Mbuna ni samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe ya Ziwa Nyasa. Nikaona kweli ana pointi. Wiki mbili mbele akatua na kosta, dumu la lita tano katikati ya miguu, ndani samaki wawili, mmoja wa bluu na mistari myeusi na mwingine wa njano iliyofifia, na maji yashakuwa ya baridi maana alipita Tukuyu kwenye ukungu. Kibali sikumuuliza.

Siku ya nne nikabaki na gapi watatu kati ya nane. Wa bluu alikamata kona yenye mawe akasema hapa ni kwangu, gapi akipita anafukuzwa mpaka juu, mikia ikawa kama tambara la deki, na mmoja nilimkuta asubuhi kakauka kwenye zulia, aliruka.

Sasa shemeji yeye anasema kosa ni la gapi, wamelegea sana. Tumpe haki yake kwanza. Mbuna ni wazuri kweli, rangi zao ni kama samaki wa baharini ila hawahitaji chumvi, ni wagumu kuugua maji yakiwa sawa, na Nyasa ina mamia ya aina za samaki wa ukoo huo ambao wengi hawapo kwingine kokote duniani. Toka miaka ya 1960 wanasafirishwa kwenda Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mtu wa Mbeya kuwapita akaenda kununua neoni tetra wa Amazoni, ndio, kuna kaaibu fulani hapo.

Ila ukaribu wa kwenye ramani unadanganya. Ziwa lipo kama mita 475 kutoka usawa wa bahari, sisi hapa mjini tupo kama 1,700, yaani unapanda zaidi ya kilomita nzima kwenda juu. Mbuna kazoea maji ya nyuzi 24 hadi 28, na wewe ujue Juni na Julai sebule ya Mbeya alfajiri ikoje, hata chai inapoa kabla hujapata kitafunwa. Kwa baridi yetu huyo wa jirani ni mgeni sawasawa na gapi tu. Tena maji ya Nyasa ni ya alkali, pH (kipimo cha asidi na alkali) karibu 8 na kupanda kidogo, kwa hiyo hata kuwachanganya na neoni, anayependa maji laini yenye asidi kidogo, ni kulazimisha mmoja ateseke.

Halafu ukubwa. Tenki langu fundi vioo wa Mwanjelwa alinichongea sentimita 60 kwa 30 kwa 30, hiyo ni lita 54 ukijaza mpaka juu. Mbuna anataka lita 200 hivi, dume moja na majike matatu manne, mapango ya mawe kibao, na wafugaji wazoefu wanawajaza wengi makusudi ili ubabe ugawanyike asipatikane mmoja wa kuonewa. Chakula pia, mbuna wengi wanakula mwani, ule ukijani unaoota kwenye mawe, ukiwapa minyoo kila siku wanavimba tumbo wanakufa. Kwenye lita 54 unatengeneza ulingo wa ngumi.

Lakini na upande wangu usijione mtakatifu. Gapi anazaa karibu kila mwezi, jike anatunza mbegu za dume ndani kwa miezi, so hata ukimtenga anaendelea kuzaa, ndani ya muda mfupi tenki dogo linafurika na maji yanachafuka. Goldifishi ndio watu wengi huku wanakimbilia kwa sababu baridi haimsumbui, hilo ni kweli, ila anakua mkubwa, anachafua maji balaa, na kidogo chochote kinachoingia mdomoni anameza.

Mimi nilipofikia ni hapa, usiulize samaki katoka wapi, uliza anavumilia baridi gani na akikua anafika wapi. Zebra danio sita, wanaishi vizuri nyuzi 18 mpaka 25, plati (ndugu wa gapi) wanne, dume tupu kama hutaki watoto, basi. Danio asikae na gapi wa mikia mirefu maana anadonoa. Na tenki liache lizunguke na filta wiki 4 mpaka 6 na samaki wachache kwanza, bakteria wa kusafisha uchafu wa samaki wajijenge, kila wiki badilisha robo ya maji.

Kuna watakaosema nunua hita yaishe. Sawa, hita ya wati 50 ikiwaka masaa 12 kwa siku ni uniti 18 kwa mwezi, sio hela ya kufa mtu. Shida ni umeme ukikatika usiku wa Julai, danio atatulia kidogo tu ila mbuna na gapi wanaanza kulala pembeni. Mimi ninayo hita, na blanketi la kufunika tenki lipo jirani.

Kuhusu wale wawili, shemeji alitaka nikawamwage Kiwira, eti mto unawapeleka nyumbani wenyewe. Nikakataa. Kiwira inaingia Nyasa kweli, ila samaki aliyekaa na wa dukani anaweza kuwa kabeba ugonjwa, na huko Malawi, kisiwa cha Thumbi Magharibi, mbuna waliohamishwa kutoka sehemu nyingine za ziwa hilohilo waliishia kuchanganya damu na wenyeji. Nimewapa jamaa wa Uyole mwenye tenki kubwa, wa bluu huko kakutana na wababe wenzake amenyooka.

Shemeji bado hajakubali. Juzi kanitumia meseji kwamba ana dumu lingine tayari, nikamwambia safari hii alete mchele.