Newham: viti 60 kwa 60, na watu 1,364

Mwezi Mei 2018 wakazi wa Newham, manispaa ya mashariki mwa London, walichagua madiwani 60, na wote 60 wakatoka chama cha Labour. Kwa wenyeji halikuwa jambo geni. Mwaka 2010 ilikuwa 60 kwa 60, na 2014 vilevile. Mwaka 2022, kata zilipochorwa upya na viti kufikia 66, Labour ilizoa 64. Viwili vilivyobaki vilikwenda kwa chama cha Greens katika kata mpya ya Stratford Olympic Park, na upinzani wote uliochaguliwa siku hiyo ukawa ni watu wawili.

Kila matokeo ya namna hii yanapotoka, anayelalamika hujibiwa upesi: wananchi wameamua, nenda kajipange. Jibu hilo lina uzito wake, na nitalipa nafasi. Ila naona wanaolalamika hawasikilizwi vizuri. Wanachukuliwa kuwa mashabiki wa vyama vilivyoshindwa wanaotafuta pa kumwagia machungu, wakati hoja yao haihusu nani ashinde Newham. Labour ingeongoza Newham kwa utaratibu wowote wa kuhesabu kura. Wanachouliza ni wapi uchaguzi wenyewe unafanyika, na nani anashiriki.

Tuanze na karatasi ya kura. Katika kata ya viti vitatu, mpiga kura anapewa karatasi moja yenye majina yaliyopangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, na anaruhusiwa kuweka alama hadi tatu. Watatu wenye kura nyingi zaidi wanapita. Sasa tuchukulie kata yenye wapiga kura 1,000, na kila mmoja anawapa kura wagombea wote watatu wa chama chake. Chama cha kwanza kina watu 450, cha pili 250, cha tatu 200, cha nne 100. Wagombea watatu wa chama cha kwanza wanapata kura 450 kila mmoja na viti vyote vitatu ni vyao. Wale watu 550, ambao ndio wengi katika kata hiyo, hawana diwani hata mmoja. Rudia hivyo kata kwa kata, na hata pale chama kinapopata asilimia 60 halali kabisa, halmashauri inabaki ya rangi moja.

Hapa hatuzungumzii wizi wa kura. Mwaka 2022 mgombea umeya wa Labour, Rokhsana Fiaz, alipata zaidi ya nusu ya kura lakini chini ya theluthi mbili. Huo ni ushindi mnono ambao mtu yeyote angejivunia. Siku hiyo hiyo, kwa wapiga kura hao hao, chama chake kilipata viti 97 katika kila 100 vya udiwani. Pengo kati ya namba hizo mbili linatokana na utaratibu wa kuhesabu peke yake. Wala si neema ya Labour tu. Mwaka huo huo huko Richmond upon Thames, magharibi mwa jiji, Liberal Democrats walichukua viti 48 kati ya 54, na Conservative, chama kilichokuwa kikitawala nchi, kikabaki na diwani mmoja.

Wanaotetea utaratibu huu wana mambo mazito ya kusema. La kwanza ni uwajibikaji: kata ni ndogo, mwananchi anajua madiwani wake ni akina nani, na chama kinachotawala peke yake hakina wa kumsingizia mambo yanapoharibika. Wanaogopa pia halmashauri za mseto, ambako ahadi zilizopigiwa kura Mei zinauzwa na kununuliwa kwenye vikao vya faragha Juni. Lakini hoja yao bora zaidi ni ya Newham yenyewe. Wanasema upinzani upo, upo ndani ya chama. Robin Wales aliiongoza halmashauri hiyo tangu 1995, kisha akawa meya wa kuchaguliwa kuanzia 2002. Aliyemwondoa hakuwa chama kingine. Walikuwa wanachama wenzake wa Labour, waliompinga mpaka akakosa tiketi ya 2018. Wenye hoja hii huuliza, kwa haki, mnataka upinzani gani tena ikiwa mtu wa miaka 23 ofisini ameondolewa kwa kura?

Ni hoja nzuri, na ndiyo inayonifikisha kwenye namba ninayotaka tuitazame kwa makini. Mwaka 2016 matawi na jumuiya zilizofungamana na chama, vikiwemo vyama vya wafanyakazi, zilipiga kura kuamua kama Wales agombee tena bila kushindanishwa. Alipita kwa 20 dhidi ya 17, kura ikalalamikiwa, wanachama wakatishia kwenda mahakamani, na mwisho mlango ukafunguliwa kwa wagombea wengine. Machi 2018 zikaja kura za maoni zenyewe, za wanachama kumteua mgombea. Fiaz alipata 861, Wales 503. Jumla yake ni 1,364.

Sensa ya 2021 ilikuta Newham ina watu wapatao 351,000. Kwa hiyo, yule ambaye angesimamia shule, nyumba za halmashauri, matunzo ya wazee na bajeti ya watu hao wote aliamuliwa na kundi ambalo lingeenea katika ukumbi mmoja mkubwa wa harusi. Mei ilipofika, watu zaidi ya 50,000 walimpa Fiaz kura zao, zaidi ya asilimia 70, na sina shaka wengi walimpa kwa moyo mmoja. Lakini uamuzi ulikuwa umeshafanyika miezi miwili kabla, mahali ambapo kuingia ni kwa kadi ya chama na ada. Ninapoambiwa kwamba mabadiliko yale yanathibitisha utaratibu unafanya kazi, naona yanathibitisha kinyume chake. Watu wa Newham walikuwa na uchaguzi wa kweli mwaka 2018, ila asilimia kubwa mno yao hawakualikwa.

Jambo hili linawagusa wasomaji wengi wa Kiswahili moja kwa moja. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wana haki ya kupiga kura huko, hata bila uraia wa Uingereza. Mkenya, Mtanzania, Mganda, hata Mnyarwanda tangu nchi yake ijiunge mwaka 2009, anaweza kujiandikisha Newham na kupokea karatasi ileile ya alama tatu. Ni haki kubwa ambayo wahamiaji wa nchi nyingi duniani hawana. Anayeitumia kwa chama kidogo katika ngome kama hii anastahili kupata angalau mtu mmoja ukumbini wa kumpelekea barua yake.

Na gharama je? Wapenzi wa soka wanakumbuka West Ham ilipohama Upton Park mwaka 2016 kwenda uwanja wa Olimpiki, Stratford. Halmashauri ya Newham ilikuwa imeweka pauni milioni 40 katika mradi wa kuubadilisha uwanja huo. Mwaka 2017 ilijitoa, na hasara iliyotajwa ilipita pauni milioni 52. Fedha hizo ziliidhinishwa na kupotea katika kipindi ambacho ukumbini hakukuwa na diwani hata mmoja wa chama kingine. Kulikuwa na kamati za kuhoji, ndiyo, na baadhi ya madiwani wa Labour waliuliza maswali magumu. Lakini diwani anayemhoji meya wa chama chake anahoji watu wenye sauti juu ya tiketi yake ya kesho.

Siwezi kusema upinzani ungeiokoa fedha ile. Croydon, kusini mwa London, inanizuia. Huko mwaka 2018 Labour ilipata viti 41 na Conservative 29, upinzani wa kutosha kabisa, na bado Novemba 2020 halmashauri hiyo ilitoa tangazo la kisheria kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake. Viti 29 havikuzuia shimo lile. Ila tazama kilichofuata. Mwaka 2022 wapiga kura wa Croydon walimchagua meya wa Conservative, na udiwani ukagawanyika 34 kwa Labour na 33 kwa Conservative, na vichache kwa Greens na Liberal Democrats. Walikasirika, na hasira ilikuwa na pa kwenda. Kulikuwa na watu waliokwisha kukaa kwenye vikao na kusoma mafaili, wanaojua fedha ilipotelea wapi. Newham, aliyekasirika na uwanja alikuwa na njia mbili: achukue kadi ya uanachama wa Labour, au abaki nyumbani. Katika chaguzi za mitaa za London, walio wengi hubaki nyumbani.

Njia nyingine ipo, na haiko mbali. Uskoti ilibadilisha utaratibu wake kuanzia 2007: mpiga kura anapanga wagombea kwa namba, moja, mbili, tatu, na viti vinagawanywa kwa kulingana na uzito wa kila kundi. Sheria hiyo ilipitishwa na serikali ya Labour yenyewe, ikishirikiana na Liberal Democrats. Glasgow mwaka 2003 ilikuwa imeipa Labour viti 71 kati ya 79 kwa chini ya nusu ya kura. Mwaka 2007 ikaipa 45. Bado ilitawala, maana bado ilikuwa na kura nyingi kuliko chama kingine chochote, lakini safari hii kulikuwa na wa kuitazama usoni. Na katika Uskoti nzima, mwaka 2003 zaidi ya kata 60 zilipata diwani bila kupingwa, na 2007 hakuna hata moja. Wanaohofia mseto hawajakosea, halmashauri nyingi za Uskoti zinaongozwa kwa makubaliano na baadhi yake hukorofishana. Nikipima hilo na kura 861 dhidi ya 503, nauchukua ugomvi wa wazi.

Halmashauri za England, iliko London, haziwezi kujichagulia njia hiyo, sheria iko mikononi mwa bunge la Westminster. Hesabu yake kwa Newham ni nyepesi. Katika kata ya viti vitatu chini ya utaratibu wa Uskoti, chama chenye zaidi kidogo ya robo ya kura kina uhakika wa kiti kimoja.